Trekta Letu

Kwanza niseme mwenyewe, usije ukasikia kwa watu: trekta si langu. Halijawahi kuwa langu hata nati moja. Ni la mdogo wangu wa kike, huyu ambaye wakulima wanamwita Bi Gia, na leo ninaweza kulitamka hilo nimekaa zangu kibarazani nakunywa chai. Lakini mara ya kwanza kulitamka nilikuwa mbele ya meza ya watu wa bima, na jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Mimi wananiita Mwenyekiti. Sijawahi kuchaguliwa na mtu yeyote kuwa mwenyekiti wa chochote. Nilikuwa mtunza stoo wa chama cha wakulima kwa miaka ishirini na sita, nikastaafu na mwandiko mzuri na ugonjwa wa kufungua vikao. Mke wangu akiniuliza leo tupike nini, namwambia tusubiri wajumbe watimie. Ndivyo nilivyo, na kwa umri huu sibadiliki. Labda kidogo.

Bi Gia ni kinyume changu. Marehemu mama alikuwa akisema nilipozaliwa nilitoka na maneno yote, nikamwachia mdogo wangu makombo. Alianza kazi ya kujaza dizeli kwenye karakana ya shamba moja kubwa lenye matrekta kumi na mbili. Miaka tisa alisimama na pampu mkononi, ananuka dizeli mpaka kwenye nywele, anasikiliza injini. Kulikuwa na dereva mmoja mvivu kupindukia, ikifika saa sita mchana analala chini ya tela, anamwambia, "Dada, nisogezee hilo trekta kwenye foleni." Akasogeza leo, akasogeza kesho. Mwaka wa pili alikuwa anarudi nyuma na tela bila kugusa hata kopo, jambo ambalo wanaume wengi wa karakana ile waliliweza kwa mdomo tu.

Shamba lilipouza mashine zake za zamani, akaniambia anataka kununua moja. Niliitisha kikao. Nikamwambia, "Mwanamke na trekta, wapi na wapi? Nunua cherehani ukae kivulini." Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, kaka," kesho yake akaenda kulinunua. Lilikuwa la bluu iliyobabuka, kiti kimechanika, linatoa moshi kama linachoma matofali. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Msimu wa kwanza lililima. Msimu wa pili wakulima wakaanza kupanga foleni na kuandikwa kwenye daftari lake. Hapo ndipo mimi, bila aibu, nikaanza kusema "trekta letu". Nikienda bucha: "Jana tumemaliza kwa mwalimu mkuu." Nikienda kunyoa: "Tumefunga tairi mpya za nyuma." Mimi huyu, ambaye mpaka leo sijui maji ya rejeta yanatiwa wapi! Bi Gia alinisikia mara nyingi, hakuwahi kunikosoa. Nami nikachukulia kwamba akinyamaza, amekubali.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera: bima. Wenye matrekta wenzake walikata bima ndogo, ile ya kumwonyesha trafiki akuache upite, inayomlipa uliyemgonga na wewe inakuacha hivyo hivyo. Yeye kila mwaka, kabla hata ya kubadilisha oili, alikwenda kukata bima kubwa. Tena hakuishia hapo. Siku ya kwanza kabisa alimuuliza wakala, "Na nikigongwa na mtu asiye na bima, itakuwaje?" Wakala akamwambia kuna kipengele cha kuongeza: kampuni inakutengenezea kwanza, halafu yenyewe inamfuata aliyekugonga mpaka arudishe. Akakiongeza. Akapiga mstari chini yake kwa rula. Karatasi zile akaziweka kwenye ndoo ya unga yenye mfuniko, kwa sababu panya wa nyumba ile walikuwa wamehitimu.

Nilimwambia, "Wewe dereva mzuri hivi, unaogopa nini?"

Akanijibu, "Kaka, mimi najua ninavyoendesha. Sijui wenzangu wanavyoendesha."

Haya. Mwaka ule mvua zilikuwa zimebakiza wiki tatu. Asubuhi, jua limeshatoka vizuri, Bi Gia alikuwa ametoka shamba moja anaingia la pili. Jembe ameliinua juu, kitambaa chekundu kimefungwa nyuma, taa ya kukata kona inawaka, na juu ya hiyo taa ametoa na mkono nje, maana yeye haamini taa. Mara pikapu ya muuza mayai ikaja mbio, inataka kumpita upande ule ule anaoingilia getini. Ikagonga gurudumu la mbele. Trekta likaingia mtaroni kwa pua, ekseli ikakatika, rejeta ikapasuka, na mdogo wangu akarushwa akaangukia bega. Mfupa wa mtulinga ukavunjika.

Muuza mayai hakuumia hata ukucha. Mayai ndiyo yalikwisha. Barabara ilikuwa ya manjano, na mbwa wa eneo lile hawakurudi kwao mpaka jioni. Trafiki alipokuja akaangalia kioo cha pikapu. Stika ya bima ilikuwa imekwisha muda miezi mitano nyuma, na juu yake yule bwana alikuwa amebandika tangazo la chakula cha kuku. Jamani! Mtu anaficha bima kwa picha ya kifaranga.

Bi Gia akalazwa. Siku ya pili yake muuza mayai akaja kwangu, yeye na mke wake na mama yake mzazi, na trei mbili za mayai yaliyopona. Nawajua watu hawa, ni wa mtaa wa pili tu. Akakaa kwenye kochi langu, akaanza kulia. Mwanaume mzima, machozi yanadondoka kwenye magoti. "Mwenyekiti, nina watoto watano. Nisameheni. Nikifungwa wataishi na nani?"

Sasa, mimi nina mdomo mkali, lakini mtu akilia mbele yangu nimekwisha. Isitoshe, walikuja kwangu. Hawakwenda hospitali, walikuja kwa Mwenyekiti, na sebule imejaa, na mke wangu anapitisha chai. Nikafungua kikao. Nikaongea kuhusu ujirani, nikaongea kuhusu ubinadamu, nikasema fedha huja na kwenda lakini watu hubaki. Mama mtu akawa anaitikia, "Kweli kabisa, baba, kweli kabisa." Nikavimba kichwa. Nikachukua karatasi na karatasi ya kaboni, nikaandika kwa ule mwandiko wangu wa stoo: "Sisi wanafamilia wenye trekta tumemsamehe ndugu huyu kabisa, hatuna madai yoyote juu yake sasa wala baadaye." Hilo la "wala baadaye" hakuniomba mtu. Nililiongeza mwenyewe, kwa uzuri tu. Nikasaini, nikapiga mstari chini, nikampa nakala yake. Wakaondoka wananibariki. Usiku ule nililala kama mtoto aliyeshiba.

Kesho yake saa kumi, muda wa kuona wagonjwa, nilimkuta mdogo wangu ameegemea mito, bega limefungwa, uso umevimba kidogo.

"Pole na mihangaiko, kaka," akasema yeye, mgonjwa.

"Wewe pona tu. Mambo ya nje nimeyamaliza."

"Umeyamaliza vipi?"

Nikatoa nakala yangu nikaisoma kwa sauti, ili na vitanda vya jirani wasikie. Nilipofika "wala baadaye" nikatua kidogo, nikingoja makofi.

Makofi hayakuja. Akauliza, "Umesaini?"

"Nimesaini."

"Umesaini kama nani?"

"Kwa niaba ya familia, sasa kama nani tena?"

Akafumba macho. "Kaka, bima inanitengenezea mimi kwanza kwa sababu ipo haki ya kumfuata yeye. Wewe umeshaandika hatumdai. Watamfuata kwa lipi? Na wasipoweza kumfuata, hawanitengenezei."

"Ebo! Kwa hiyo msamaha umekuwa dhambi siku hizi?" nikapandisha sauti. "Watu wa bima ni wezi, nilishakwambia!" Nesi akaja akaniomba nipunguze sauti au nipunguze mwili wodini.

Mdogo wangu hakunigombeza. Angenitukana ningejua pa kushika. Aligeuza uso ukutani tu, akasema polepole, "Wiki tatu hazifiki, mvua zinanyesha. Nina watu kumi na saba kwenye daftari." Akavuta shuka kwa mkono mzima. Kisha akasema, "Miaka tisa ya kunuka dizeli, kaka."

Nilitoka pale. Nakwambia ukweli, sijawahi kujichukia kama siku ile. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini mimi nilikuwa nimechuma, nikala mayai, na janga nikampelekea mdogo wangu kitandani. Maana nilikuwa nimeyala yale mayai, mawili, ya kukaanga. Nyumbani mke wangu akaniuliza kikao cha hospitali kimekwendaje. Nikamwambia akidi haikutimia, nikaenda kukaa peke yangu.

Aliporuhusiwa tukaenda ofisi ya bima pamoja, mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Chumba chenyewe kidogo, mafaili mpaka dirishani, feni inazunguka kwa kusitasita. Na kwenye benchi la kusubiri, nyuma yetu kabisa, nani kakaa? Mwenye bucha wetu! Kafuata madai ya pikipiki yake. Nikamsalimia kwa kichwa.

Mama wa madai alivaa miwani, akaisoma barua yangu mara mbili.

"Mwandiko mzuri sana huu, mzee."

"Asante."

"Ndio uliotuharibia kazi." Akaweka karatasi mezani. "Kipengele cha dada yetu kiko wazi, na aliyemgonga hana bima, hilo halina ubishi. Tatizo ni hii barua tu. Kwa hiyo nitakuuliza swali moja, na ujibu taratibu. Trekta ni la nani?"

Mdomo ukaenda wenyewe kama ulivyozoea. "Trekta letu..."

"Lenu wewe na nani?"

Nikakuna kidevu. Yule mama akasema, kwa upole kabisa, "Kama mna ubia, saini yako ni halali, na madai yanaishia hapa leo. Kama ni lake peke yake na hakukutuma, basi barua hii ni yako mwenyewe tu. Umesamehe kisicho chako. Hapo naweza kuendelea na kazi. Lakini lazima useme, na lazima uandike."

Nikamtazama mdogo wangu. Yeye alikuwa anatazama feni. Nyuma yangu nikasikia benchi la mwenye bucha likilia kidogo, mtu anasogea mbele asikie vizuri. Miaka kumi na moja nimenunua nyama kwa yule bwana, na kila kilo nimeisindikiza na "trekta letu". Mwezi ule ule nilikuwa nimemwambia tunafikiria kununua la pili.

Nikasimama, sijui kwa nini nilisimama. Nikasema, "Trekta si langu. Ni la mdogo wangu huyu, peke yake. Hakunituma."

"Hukuchangia chochote wakati wa kununua?"

"Nilichangia ushauri."

"Ushauri gani?"

"Asinunue."

Mwenye bucha alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apewe maji. Mama wa madai akavua miwani akajifuta macho. Nikasikia na sauti nyingine, nikageuka: Bi Gia anacheka, amelishika bega kwa mkono mzima, anasema, "Kaka, basi, naumia! Kaka, jamani, bega!" Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu ajali. Kwa kweli niliona bora niaibike hivyo kila siku.

Nikaandika. Kwa kalamu ile ile na mwandiko ule ule: si mmiliki, si mbia, sikutumwa, nilijituma mwenyewe. Mama wa madai akasema bado kitu kimoja. Nakala ipelekwe kwa muuza mayai, aisome, asaini kwamba amepata taarifa. Na nipeleke mimi mwenyewe niliyempa ile ya kwanza.

Hii nayo ilikuwa chungu. Bi Gia akasema tutaenda wote. Tulimkuta uani kwake anapanga trei tupu, kuku wanamzunguka miguuni. Aliponiona akafurahi, akaita mke wake alete viti. Nikampa barua. Aliisoma, rangi ikamtoka.

"Mwenyekiti, si ulisema wala baadaye?"

"Nilisema. Ni kama nilikugawia kuku wa jirani. Nisamehe, kuku hakuwa wangu."

Akaketi juu ya kreti. Hapo mdogo wangu, ambaye hujibu watu kwa kichwa, akaongea kuliko nilivyowahi kumsikia. "Shemeji," akamwambia, maana mke wa yule bwana yeye humwita dada tangu zamani, "bega ni langu, na bega nimekusamehe kwa moyo wangu wote. Usiku usikose usingizi kwa ajili ya bega. Lakini trekta ndilo linalonilisha, hilo siwezi kulisamehe. Kampuni watakuja. Waambie ukweli wa hali yako, watakupangia kidogo kidogo, nimewauliza. Ukiwakimbia, hapo ndipo tutagombana."

Yule bwana akaisoma barua tena, kuku mmoja anadonoa kamba ya kiatu chake. Mwishowe akaomba kalamu, akasaini juu ya trei ya mayai iliyopinduliwa. Mke wake akatuuliza, kwa sauti ya chini, hiyo bima wanakatia ofisi gani. Nikataka kumjibu kwa kirefu, Bi Gia akanikanyaga mguu.

Mkaguzi wa bima akaja na kamera na futi yake ya utepe, akapima mtaro, akapiga picha kitambaa chekundu. Siku kumi na mbili baadaye fundi alikuwa amefunga ekseli mpya na rejeta mpya, na siku nne kabla ya mvua nikiwa kibarazani nikasikia ule mlio kutoka mbali. Nilitoka na kandambili zisizofanana.

Bega lilikuwa halijapona, daktari amemkataza usukani. Kwa hiyo Bi Gia akamtafuta dereva wa kulima kwa muda, akaenda kwanza bima kumwandikisha jina, ndipo akamkabidhi ufunguo. Na unajua alikuwa nani? Yule mvivu wa karakana, aliyekuwa akilala chini ya tela! Amezeeka, mvi mpaka kwenye nyusi. Bi Gia alisimama pembeni ya shamba tangu asubuhi mpaka jioni, anaelekeza kwa mkono mmoja, na saa sita mchana ikifika alimwangalia tu. Mzee hakulala hata dakika. Watu kumi na saba wote walilimiwa. Wa mwisho mvua ilimkuta kwenye mstari wa mwisho.

Mwaka umepita. Bega limepona, ingawa baridi ikija linamkumbusha. Muuza mayai anaelewana na kampuni polepole, na kwenye kioo cha pikapu sasa kuna stika mpya. Kifaranga wamemhamishia mlangoni. Mwenye bucha ndiye tatizo. Kila nikienda ananiuliza, "Mwenyekiti, leo umekuja na ushauri?" Nami namwambia ndiyo, nakushauri usipunje mizani.

Wiki iliyopita bima ya Bi Gia ilikuwa inaisha muda. Akajaza fomu mwenyewe, akaitia kwenye bahasha, akaniomba nimpelekee, maana alikuwa na shamba la kumaliza. Bahasha haikufungwa, na mimi ni binadamu. Nilipofika kona ya duka la mbolea nikaitoa nikasoma. Jina la mwenye chombo: lake. Dereva: yeye. Kipengele cha kugongwa na asiye na bima: ndiyo, na mstari wa rula chini yake. Halafu kukawa na sehemu iliyoandikwa, mtu wa kuarifiwa ajali ikitokea. Hapo aliandika jina langu kamili, na uhusiano: kaka yangu mkubwa. Na chini yake, kwa ule mwandiko wake wa kupinda kama mtaro, akaongeza mwenyewe:

"Apigiwe simu wa kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Asipewe kalamu."

Nilisimama pale njiani nikacheka peke yangu, na macho yakaniloa, sitaki kusema uongo. Muuza mbolea akatoa kichwa mlangoni akaniuliza, "Mwenyekiti, kwema? Unakwenda wapi?"

Nikamwambia, "Kwema kabisa. Nakwenda kukata bima ya trekta la mdogo wangu."